Rivyu: kupima virusi kwenye maji taka, huduma ambayo Mombasa twaitumia bila kujua

Nyota 4 kwa 5. Naanza na nyota kabisa ili mwenye haraka zake ajue nasimama wapi, mwenye nafasi tuendelee. Hio moja nlobakisha sikuibakisha kwa chuki, ina sababu yake na ntaieleza vizuri manake ndo ilonifanya nikaandika.

Huduma nnayoizungumzia ni kupima virusi kwenye maji taka. Naam, maji ya chooni. Najua tumezoea rivyu za mikahawa na saluni na basi gani la Nairobi lina siti nzuri, lakini hii nayo ni huduma, inaendeshwa kwa pesa za umma na za wafadhili, na wewe unoishi Mombasa umeshaitumia, kwaivo tuna haki ya kuijadili kama tunavojadili nyengine zote.

Inavofanya kazi kwa ufupi: mtu aliofunzwa anaenda penye paipu kubwa ama mtaro mkuu wa maji taka, amevaa glavu na barakoa, anachota kama lita moja, chupa inafungwa vizuri inatiwa kwenye kuliboksi yenye barafu, alafu inasafirishwa hadi maabara. Huchotwa asubuhi manake ndo wakati nyumba zote zinaingia chooni, ukija saa nane mchana utachota maji ya kufulia. Na barafu si ya mapambo, kwa joto letu hili la Pwani chupa ikikaa juani virusi vinaharibika na utapata jibu la uongo kwamba hakuna kitu.

Sasa kwanini mtu ahangaike na maji machafu badala ya kungoja wagonjwa waje hospitali? Hapa ndo nlipoipenda. Chukua polio. Katika kila watu 200 walioambukizwa, kama mmoja tu ndo hupooza. Wengine wote homa kidogo, tumbo kidogo, na wengi kabisa hawahisi chochote, wanacheza mpira uwanjani kama kawaida. Kwaivo ukikaa ungoje mtoto alegee mguu ndo uanze kukimbia, jua kirusi kimeshapita kwa mamia ya wengine kimya kimya na hakuna daktari aliowaona. Lakini wote hao, aloumwa na asoumwa, wanakitoa kwenye choo kwa wiki kadhaa. Maji taka hayangoji mtu apate nauli ya kwenda dispensari, hayangoji baba mtoto akubali, hayaulizi kama una bima ama huna. Kila alioenda choo cha paipu amehesabiwa. Mimi sijaona huduma nyengine ya afya inayomfikia tajiri na maskini sawasawa hivo kwa chupa moja.

Na mfano uko hapahapa kwetu. Mwanzoni mwa 2021 kirusi cha polio aina ya pili kilipatikana kwenye sampuli za maji taka, Garissa na hapa Mombasa. Si kwamba kulikuwa na mtoto amepooza hapa mjini, ni maji ndo yalosema. Mwezi wa tano, Idd ishapita, ikaja kampeni ya chanjo nyumba kwa nyumba kwenye kaunti 13, Mombasa, Kilifi, Lamu na Tana River zikiwemo, watoto wa chini ya miaka mitano kama milioni 3.4 ndo walolengwa.

Mimi ni mhudumu wa afya wa jamii upande wa Kisauni, hio kampeni nliizunguka kwa miguu. Karia ya chanjo, kile kiboksi cha baridi cha kubebea matone, begani, chaki mkononi ya kuandika mlangoni, kalamu ya wino ya kupaka kidole kidogo cha mtoto ili asirudiwe. Na swali ambalo niliulizwa karibu kila baraza ni moja. Bibi mmoja alikuwa amekaa anachambua mchele, mjukuu yuko ubavuni pake, nkapiga hodi nkamwamkia shikamoo bibi, akaitika marahaba mwanangu karibu, alafu alipoiona karia akanambia, "Huyu ameshapawa matone yote, kitabu chake ndani kimejaa. Yuwala, yuwacheza, hana hata mafua. Mbona mwaja na polio na sisi hatujasikia mtoto aloanguka?"

Swali la haki kabisa. Nkamwambia bibi, ugonjwa haujaonekana kwa mtoto, umeonekana kwenye maji ya choo ya huu mji, na maana yake ni kwamba kuna watoto wanao na hawaonyeshi. Alinyamaza kidogo, akauliza, "Kwahivo mwapima hata vyoo siku hizi?" Nkamwambia ndio bibi, vinapimwa. Akamwita mtoto mwenyewe, akamshika taya, matone mawili yakaingia. Kuna watu hubadilika wakipewa sababu, na hii huduma ndo ilonipa sababu ya kuwapa. Kampeni za nyuma nlikuwa nasema tu "serikali imesema", na hilo jibu kwa watu wa Pwani halitoshi na wala halipaswi kutosha.

Kuna kitu lazima nikiseme wazi manake ukikificha watu watakipata kwengine kimeshapotoshwa. Kirusi hiki si kile cha polio ya asili, hio ya asili Afrika ilitangazwa imeimaliza Agosti 2020. Hiki asili yake ni kirusi dhaifu cha kwenye matone yenyewe. Mtoto akichanjwa hukitoa chooni, na mahali penye watoto wengi walochanjwa kinaishia hapohapo, hakina pa kwenda. Lakini mahali ambapo wengi hawajachanjwa kinahama mtoto hadi mtoto kwa muda mrefu, kinabadilika badilika mpaka kinapata nguvu ya kupooza. Kwaivo kinachokilisha ni pengo la chanjo, na kupunguza chanjo ni kukiongezea chakula. Nshaelezea hili kwenye mabaraza mengi na sijawahi kujuta kulisema.

Upande wa maabara nao nliufuatilia manake mtu hawezi kusifu kitu asokijua ndani. Sampuli za polio za Kenya zinapimwa Nairobi, maabara ya KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba. Tatizo la kwanza ni kwamba lita moja ya maji taka ina kila kitu, sabuni, mafuta, mchanga, na virusi ndani yake ni vichache mno. Kwaivo wanachanganya na chumvi na kemikali mbili, wanaacha kwenye baridi usiku kucha itulie, asubuhi imejigawa tabaka, na virusi vimekusanyika kwenye tabaka dogo la chini, ni kama tui ukiliacha likatulia zito likajitenga na jepesi. Hio ndogo ndo inochukuliwa inatiwa kwenye seli hai ndani ya chupa, kirusi kikiwepo kinaziua zile seli na wanaona. Alafu ndo jenomu yake, yaani vinasaba vyake vyote, inasomwa kujua ni ndugu wa nani. Hapo ndo utamu ulipo. Mwaka 2018 walipokipata kirusi kwenye maji taka ya Eastleigh, jenomu ilionyesha kina undugu na kile kilokuwa kinazunguka Mogadishu, kwaivo watu wakajua hili si la Nairobi peke yake, pande zote mbili za mpaka, Kenya na Somalia, zifanye kazi pamoja.

Lakini kuotesha huko kirusi kwenye seli kunachukua muda, mara nyengine wiki na wiki tangu chupa ichotwe. Hapa nusu nyota ingetoka. Kwa kirusi kinachotembea na matatu na feri, wiki tatu ni nyingi. Kilifi hapo tu kuna KEMRI-Wellcome Trust, wakati wa korona ndo walikuwa wakisoma jenomu za virusi vya Pwani, na watalaamu wako. Mimi naona sampuli za Mombasa zingeweza kuanzia hapo karibu kwa vipimo vya haraka vya PCR, vinavotafuta vinasaba vya kirusi bila kungoja kioteshwe, na Nairobi ikabaki ya kuthibitisha.

Jengine lilonifurahisha ni vile wanavokabiliana na mvua. Masika ikipiga hapa mitaro ya kisiwani inafurika, maji ya mvua na ya choo yanakuwa kitu kimoja, sasa ukipata virusi kidogo utajuaje ni watu wamepona ama ni mvua imezimua? Wanachofanya wengi wanaopima korona kwenye maji taka ni kupima pia kirusi kimoja cha mmea wa pilipili. Hakimdhuru mtu, kinaingia na pilipili tunazokula na kinatoka chooni kizima, kwaivo kiasi chake kinaonyesha mna choo cha binadamu kiasi gani kwenye hio chupa. Kwa Mombasa na achari zetu na pilipili za maembe, hicho hakiwezi kukosekana.

Ukitaka kuilinganisha na kwengine, huduma hii si ya nchi maskini kama wengine wanavodhani. Uholanzi mwanzoni mwa 2020 waliikuta korona kwenye maji taka ya mji wa Amersfoort siku chache kabla mgonjwa wa kwanza wa pale kutangazwa. London 2022 walipata polio kwenye mtambo wa Beckton na watoto wa mji mzima wa mwaka 1 hadi 9 wakaitwa waongezwe chanjo. Na Gaza, ambayo wengi wetu huku tulikuwa tukiifuatilia usiku na mchana, mwezi wa saba 2024 kirusi kilitangazwa kwenye maji taka ya Khan Younis na Deir al-Balah, vita vimepamba, hospitali zimebomolewa, mwezi ulofuata mtoto wa miezi kumi akathibitishwa kupooza, na mwezi wa tisa watoto zaidi ya nusu milioni wakapewa matone. Mahali ambapo hakukuwa na karibu chochote, chupa ya maji machafu ilifika maabara ikasema ukweli. Kila nkikumbuka hilo nazidi kuiheshimu hii kazi.

Haya, sasa hio nyota nliobakisha.

Huduma hii inasikiliza paipu. Mwongozo wa polio unataka wachote mahali ambapo paipu za watu kama laki moja hadi laki tatu zinakutana. Sasa Mombasa tuko watu 1,208,333 kwa sensa ya 2019, na wangapi kati yetu choo chao kiko kwenye paipu? Sehemu ya kisiwa ndio, na upande wa bara magharibi ambako paipu zinakwenda mtambo wa maji taka wa Kipevu. Lakini Kisauni sehemu kubwa, Likoni sehemu kubwa, ni shimo ama septiki tangi. Mitaa ambayo watoto wamekosa chanjo mara nyingi, ambayo nyumba zimebanana, kisima kiko hatua chache kutoka shimo la choo na chini ni jiwe la matumbawe linalopitisha maji hivihivi, hiyo ndo ambayo choo chake hakifiki kwenye chupa. Yaani wale ambao kirusi kitawapata mwanzo ndo ambao kipimo hakiwasikii. Nikisema hivi sisemi huduma ni mbaya, nasema imesimama mlangoni haijaingia ndani.

Na njia ya kuingia ipo, inapita mbele ya macho yetu. Eksosta, lori la kunyonya choo! Ploti nnayokaa shimo likijaa keyateka anapiga simu, lori linakuja linaziba njia yote, vijana wanaburuta paipu nene kupitia uchochoro, akina mama wanaanua nguo kwenye kamba, bei inabishaniwa mpaka jua linawaka, alafu mota inaunguruma na shimo la nyumba nyingi linaingia kwenye tangi moja. Juzi nkamuuliza dereva, kaka hii wapeleka wapi? Akanambia Kipevu, tunapanga foleni tunamwaga pale. Nkamuuliza kama ashawahi kumuona mtu akichota sampuli kwenye tangi lake kabla ya kumwaga. Akacheka akasema dada yangu, hayo mavi nani ayatake.

Mimi nayataka yapimwe. Fikiria lile foleni la malori, moja limetoka Bamburi, jengine Magongo, jengine Mtopanga, kila dereva ajua amenyonya ploti ipi. Hapo unaweza kuchota chupa kwa kila lori ukaandika mtaa ilikotoka, bila ya kuchimba paipu hata moja. Si kamili, najua. Shimo linakaa na vitu vya miezi mingi kwaivo huwezi kusema kirusi ni cha wiki hii ama cha zamani, joto na uozo ndani ya shimo linaharibu virusi, na nyumba ambazo hazina pesa ya eksosta zitabaki nje vilevile. Pia kuna malori yasofika kule, mtaa wetu kuna moja lilimwaga usiku kwenye mtaro wa mvua na sote twalijua, asubuhi watoto wanapita hapo kwenda madrasa. Lakini hata ukichota mitaro ya wazi na malori pamoja utasikia watu wengi zaidi kuliko saa hii. Mitaro ya wazi yenyewe nchi nyingi zisizo na paipu ndo zinaitumia kwa polio, si jambo geni.

Sehemu ya pili ya hio nyota ni majibu. Sampuli zinatoka mtaani, majibu hayarudi mtaani. Sisi tunozunguka twasikia "kuna kampeni wiki ijayo" na basi. Nliuliza kwenye ofisi moja, nkaambiwa hayo ni ya watalaamu nyinyi peaneni matone. Sikupenda, na sitaki kumtaja mtu, lakini aloambiwa na bibi kwenye baraza "mbona mwaja" ni mimi, si mtalaamu. Marekani taasisi yao ya kudhibiti magonjwa, CDC, walianzisha mtandao wa kupima maji taka Septemba 2020 na matokeo wanayaweka onlaini, mtu yeyote anafungua anaona eneo lake kirusi kinapanda ama kinashuka. Huku hata haihitaji dashibodi ya kifahari. Tangazo kwenye redio za Pwani, neno baada ya swala ya Ijumaa na kanisani Jumapili, karatasi moja iliobandikwa dispensari: mwezi huu tumepima, hakuna kitu, ama tumepima, kuna kitu, leteni watoto. Watu wanaamini kitu wanachokiona kikija hata wakati wa habari nzuri, si kile kinachotokea tu kukiwa na hatari.

Kabla sijamaliza, jirani yangu aliposikia naandika haya aliniuliza kama watajua nani mgonjwa wa nini nyumba kwa nyumba. Kwa paipu la watu laki moja haiwezekani, choo chako kimechanganyika na cha mtaa mzima, hakuna jina na hakuna nambari ya kitambulisho. Lakini hapo kwenye malori naomba tuwe makini, ukichota tangi lilonyonya jengo moja tu umeshawakaribia watu sana, kwaivo majibu yatajwe kwa mtaa na si kwa ploti, na wenye nyumba waelezwe kabla. Bila hivo mtu mmoja akichafuliwa jina watu wataacha kuita eksosta ya halali, na tutarudi kwa yale ya usiku.

Inamfaa nani? Inafaa mji wowote ambao watu hawaendi hospitali mpaka hali iwe mbaya, na sisi tumo. Inamfaa zaidi mwenye mtoto mdogo. Haitakwambia kama wako ndo anaumwa, haitibu, na haichukui nafasi ya kliniki hata siku moja. Matone ya polio ni bure kwenye vituo vya serikali: akizaliwa, wiki 6, wiki 10 na wiki 14, na hio ya wiki 14 anadungwa na sindano ya polio pia. Kampeni ikipita mtaani mpe tena hata kama kitabu kimejaa, ya ziada haimdhuru. Na keyateka wa ploti, ukiita eksosta muulize dereva anamwaga wapi kabla hujampa pesa.